Tunachodaiwa na Wanaokesha

Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, anaiweka heshima mahali ambapo wengi wasingeitafuta: kwenye orodha ya madeni. Anataja kodi, anataja ushuru, kisha hofu, kisha heshima, na kila kimoja anataka alipwe yule anayestahili. Kodi tunaielewa, maana mkusanyaji wake hufika mpaka dukani. Deni la heshima halina anayekuja kulidai. Konstebo aliyekesha lindo hapeleki ankara nyumbani kwa mtu, na kijana wa ulinzi shirikishi aliyezunguka mtaa na tochi mpaka alfajiri huonekana asubuhi akinunua chapati kama mtu mwingine yeyote, macho mekundu, na asiyemjua humdhania mlevi.

Tunadaiwa nini basi na watu hawa? Swali lingekuwa jepesi kama jina la polisi lingekuwa na maana moja katika masikio ya watu. Nyumba ikivamiwa usiku, polisi ndiye anayeombwa afike upesi. Mwenye nyumba huyo huyo akisimamishwa barabarani kesho yake, moyo unamdunda hata kama leseni yake ni halali na gari lake halina kasoro. Wazazi nao huwanyamazisha watoto kwa kuwaambia kwamba polisi anakuja. (Desturi hii haifai hata kidogo. Mtoto aliyefundishwa hivyo, siku akipotea sokoni atamkimbilia nani?)

Tumeona mambo mawili katika nchi yetu, na yote mawili ni ya kweli. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa usiku, na askari 4 wakauawa pamoja na raia. Agosti 2016 askari 4 wengine waliuawa Mbande, nje ya tawi la benki walilokuwa wakililinda. Tarehe 13 Aprili 2017 wilayani Kibiti, askari walishambuliwa kwa risasi wakiwa ndani ya gari lao, na 8 kati yao wakauawa. Katika miezi hiyo ya hofu, kule Kibiti, Rufiji na Mkuranga, waliouawa hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji na watendaji, watu wasio na bunduki wala gwanda, ambao nyumba zao zilijulikana na kila mtu kwa sababu ndiko wananchi walikopeleka matatizo yao.

Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba tarehe 2 Septemba 2012, huko Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi mikononi mwa polisi, na mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Mara nyingi mtu akitaja Kibiti, mwingine humjibu kwa Nyololo, na mazungumzo huishia hapo, kila mmoja akidhani amemshinda mwenzake.

Wako wanaojaribu kuliepuka tatizo kwa kusema kwamba tunaheshimu cheo, hatuheshimu mtu. Neno hili lina hekima yake, hasa mbele ya askari mkorofi, maana linamzuia raia asijibu ukorofi kwa ukorofi. Lakini halitoshi. Cheo hakilowi mvua. Wale wa Mbande walikuwa watu, na jeneza halikubeba cheo. Wengine husema tuwaheshimu wema tu. Hapo heshima inageuka kuwa mshahara unaotolewa baada ya ukaguzi, na kwa kuwa hakuna askari tunayemjua kiasi cha kuweza kumkagua hivyo, mwishowe hatumheshimu yeyote, isipokuwa yule ndugu yetu aliyeko jeshini.

Tunadhani Maandiko yana njia iliyo bora zaidi, nayo imo katika habari ambayo husomwa kwa haraka sana: Matendo ya Mitume, kuanzia sura ya 21 hadi ya 23. Paulo yumo hekaluni Yerusalemu. Uvumi unaenea kwamba ameingiza Mataifa mahali patakatifu, mji wote unachafuka, watu wanamburuta nje na kuanza kumpiga ili wamuue. Habari inamfikia jemadari wa kikosi, Klaudio Lisia. Anashuka mbio na askari wake, na wapigaji wanapowaona wanaacha. Ghasia ni kubwa kiasi kwamba askari wanalazimika kumbeba Paulo juu kwa juu wakipanda ngazi. Mtume wa Mataifa, ambaye nyaraka zake tunazisoma kila Jumapili, siku ile aliokolewa na askari wa zamu wasiomjua, wasiomwamini Kristo.

Sasa tumtazame vizuri huyo jemadari. Kwanza alimkosea mtu: alidhani Paulo ni yule Mmisri aliyewahi kuzusha fitina. Kisha akaamuru ahojiwe kwa kupigwa mijeledi, kabla ya kosa lolote kuthibitika. Alipoambiwa kwamba mfungwa huyu ni raia wa Rumi, akaogopa. Na baadaye, alipomwandikia liwali Feliki, aliyapanga mambo yampendeze mkubwa wake: aliandika kana kwamba alimwokoa Paulo kwa sababu alikwisha kujua kuwa ni Mrumi, na mijeledi hakuitaja kabisa. Aliyewahi kusoma taarifa ya kikazi ya mtu anayetaka kupandishwa cheo atamtambua mara moja.

Luka hakuficha lolote kati ya hayo. Wala hakuyatumia kuufuta ule mwendo wa mbio kwenye ngazi za hekalu. Ameandika kwamba mtu huyu alimwokoa Paulo, na ameandika kwamba mtu huyu aliagiza mijeledi, na hakutupa jumla. Tunaona hapo ndipo heshima inapoanzia. Kumheshimu mtu ni kumtazama kwa ukweli, tukikiri alilotutendea na tukisema alilokosea, pasipo kulitumia moja kulimeza jingine. Sifa tupu ni kujipendekeza, na mwenye kusifiwa hivyo analijua hilo moyoni mwake. Kwa hiyo hukumu ya mwaka 2016 haikulivunjia Jeshi la Polisi heshima. Iliwaheshimu maelfu ya askari ambao hawajamuua mtu, kwa kukataa kuwahesabu pamoja na aliyeua.

Yohana Mbatizaji alikuwa na mwendo huo huo. Askari walipomwuliza nao wafanye nini, hakuwaambia waiache kazi. Katika Luka sura ya 3 anawakataza kudhulumu na kusingizia watu, na anawataka waridhike na mishahara yao. Tunavutiwa na jinsi alivyoijua kazi yao: aliweka kidole palepale penye jipu. Vituoni kumebandikwa matangazo kwamba dhamana ni haki na haina malipo, na tangazo haliandikwi mahali ambapo hakuna aliyewahi kulipishwa. Lakini mkono unaopokea unahitaji mkono unaotoa. Mwumini anayetoa noti kwenye leseni kabla hata hajaombwa, kisha akasema polisi wote ni wala rushwa, ameshiriki kumdharau askari kwa njia mbili kwa siku moja.

Habari ya Lisia ina mtu mwingine, naye ndiye tunayempenda zaidi. Zaidi ya watu 40 walikuwa wamejifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Mwana wa dada yake Paulo akazisikia habari hizo. Luka hatupi jina lake. Tunajua tu kwamba ni kijana, na kwamba aliingia ndani ya ngome ya Warumi, mahali ambapo kijana wa Kiyahudi hakuwa na sababu ya kupapenda, ili kutoa taarifa. Huyu hakuwa na mshahara wala kitambulisho. Na Lisia, yule yule wa mijeledi, alimshika mkono, akamchukua kando peke yao, akamsikiliza, kisha akamwonya asimwambie mtu yeyote kwamba amemjulisha. Usiku ule ule wakatoka askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, saa tatu ya usiku, na kwa bahati njema hesabu ya saa ya Biblia hapo ni kama hesabu yetu, kumpeleka Paulo salama.

Askari 470 kwa neno la kijana mmoja! Lakini kilichotugusa ni ule mkono ulioshikwa na ile siri iliyotunzwa. Katika mitaa yetu kuna watu wanaojua fika nani anauza gongo na bangi karibu na shule na nani anapokea pikipiki za wizi. Hunyamaza, kwa sababu wamesikia habari za aliyetoa taarifa asubuhi na jioni mtuhumiwa akapita mlangoni kwake kumsalimu kwa jina. Siri ya mtoa taarifa ikivuja mara moja, mtaa mzima unafunga mdomo kwa miaka. Kwa hiyo heshima hii haitoki upande mmoja. Askari naye anadaiwa na raia, na Lisia, kwa hilo moja, alilipa.

Kazi ya raia kujilinda si ngeni kwetu. Nehemia, katika sura ya 7, baada ya ukuta wa Yerusalemu kukamilika, aliagiza wenyeji walinde kwa zamu, kila mmoja kuielekea nyumba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walipoelemewa na wizi wa ng'ombe, na silaha zikiwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera, waliunda sungusungu. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi, na ule mwito wa hatari waliouita mwano, ambao kila mwanamume akiusikia hana budi kutoka. Wezi walirudi nyuma. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kuanzia mwaka 2006, Inspekta Jenerali Said Mwema alipolishika Jeshi la Polisi, likaja wimbi la polisi jamii na ulinzi shirikishi, na siku hizi kata nyingi zina polisi kata wake, ambaye namba yake ya simu inafahamika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ila sungusungu hao hao, katika baadhi ya vijiji, waliwapiga watu mpaka wakaumia, wakatoza faini walizozipanga wenyewe, na bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni akaitwa mchawi. Kirungu ni kitu kidogo, lakini kikikaa mkononi usiku mwingi, kinaanza kumshauri mwenye kukishika. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kuwa vijana hawa wakiwekewa mipaka wanakatishwa tamaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kuhesabiwa mwenye hatia kabla ya kuthibitishwa, na inakataza mtu kuteswa. Kijana aliyefundishwa hayo na polisi kata, akajua mahali mamlaka yake yanapokomea, ameheshimiwa kuliko aliyepewa kirungu na kupigwa begani.

Na hapa tuseme juu ya jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kilele cha kazi yao, ingawa hakuna anayepewa cheti kwa ajili yake. Usiku kelele inapigwa, "Mwizi! Mwizi!" Milango inafunguka. Wanatoka watu ambao mchana ni mafundi, wauza mboga, walimu, hata waimbaji wa kwaya. Mmoja ana jiwe, mwingine ana tofali, na tairi hupatikana upesi mno. Kwa miaka kadhaa ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiwahesabu kwa mamia waliouawa namna hii nchini. Wamo walioiba kuku na wamo ambao hawakuiba chochote, wageni tu waliopotea njia wakagonga mlango usio wao. Katika kundi hilo, anayesimama mbele ya mtu aliyelala chini na kusema "huyu tumemkamata, anakwenda kituoni" ni nani? Mara nyingi ni yule kijana wa zamu mwenye filimbi. Hana silaha kama askari wa Lisia. Anazuia majirani zake mwenyewe, na kesho atakwenda kunyoa kwao na kukopa sukari kwao. Anaweza kuambiwa kwamba amekula njama na mwizi. Anaweza kupigwa yeye.

Aliyelala chini pale anaweza kuwa mwizi kweli. Hilo halibadili kitu. Stefano alipigwa mawe na umati uliokuwa na uhakika, na Paulo mwenyewe wakati ule alikaa na nguo za wapigaji. Miaka mingi baadaye umati mwingine wenye uhakika ulimshika yeye, na askari wakaja.

Iko heshima nyingine ambayo ni ngumu kuliko makofi, nayo ni kwenda mahakamani. Vijana wamekesha, wamemkamata mvunjaji wa nyumba akiwa na televisheni begani, wamemfikisha kituoni, mwenye nyumba amechukua RB. Polisi wamepeleleza, jalada limefika mahakamani. Siku ya ushahidi shahidi yuko sokoni. Mara ya pili amesafiri kwenda msibani. Mara ya tatu anasema amesamehe, televisheni yake ameshaipata. Shauri linafutwa, na mshitakiwa anarudi mtaani. Anayekutana naye uso kwa uso kwenye kibanda cha chipsi hakai nyuma ya geti: ni yule kijana aliyemkamata. Msamaha ni amri ya Bwana wetu na hatuubezi, lakini anayesamehe kwa gharama ya usalama wa mwingine ametoa sadaka kutoka mfukoni mwa jirani. Mtu aweza kumsamehe mwizi wake moyoni na bado akasimama kizimbani akasema aliyoyaona.

Ndani ya kanisa, tuangalie viti. Siku ya harambee mkuu wa polisi wa wilaya huwa miongoni mwa wageni, huketishwa mbele, huvishwa skafu na kwaya humtaja katika wimbo. Hatuoni ubaya wowote, kwa kuwa mzigo wake ni mzito na kuja kwake kunatuheshimu. Lakini Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anauliza juu ya kiti cha pili. Wakati ibada inaendelea, nje kuna koplo anayeongoza magari juani na vijana wawili wanaotazama pikipiki za waumini. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya ndipo hali hii inapoonekana wazi kuliko siku zote: kanisa limejaa, nyumba ziko tupu, na wezi wanajua ratiba yetu vizuri kama mwinjilisti. Anayezilinda nyumba hizo mpaka tuseme amina ya mwisho, katika mitaa yenye mchanganyiko, mara nyingi ni Mwislamu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Kumpelekea koplo na vijana wale chai ya moto saa saba za usiku hakuhitaji kamati.

Zaburi ya 127 inatukumbusha kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Wako wanaolisoma neno hili kana kwamba linampunguza mlinzi. Sisi tunalisoma kinyume chake: Zaburi haisemi mlinzi aende akalale. Inamtaja pamoja na Bwana katika kazi moja, na hakuna kazi nyingi za kijijini zilizotajwa hivyo.

Linabaki suala la fedha, ambalo vitabu vya imani hupenda kuliruka. Askari ana mshahara, na akiumia kazini ana mwajiri. Kijana wa ulinzi shirikishi hulipwa kutokana na mchango wa kila kaya, na mchango huo ndio wa kwanza kusahauliwa, hata na kaya zenye geti la chuma. Akikatwa panga akiwa zamu atapewa fomu ya PF3, atapelekwa hospitali, na hapo ndipo maswali yanapoanza: nani analipa nyuzi, nani analipa dawa, nani anawalisha watoto wake kwa wiki sita ambazo mkono hauwezi kushika kolego? Shirika zetu zina fungu la wageni na fungu la diakonia. Tunapendekeza jambo hili liingizwe kwenye fungu la diakonia, kwa jina lake na kwa kiasi kinachotajwa, katika makadirio ya mwaka ujao, na wazee wa kanisa wasimwulize majeruhi anasali wapi. Orodha ya zamu iko kwa mwenyekiti wa mtaa.